Je, kukataa kumpa afisa mkono kwa sababu ya dini kunaweza kumkosesha mtu uraia?

Msafiri wa Kaskazini

Assalaam aleikum, na salamu pia kwa wote msio wa imani yangu.

Ninaishi Ujerumani, na ombi langu la uraia limefika hatua za mwisho. Mtihani wa uraia, ule wa maswali 33 ambao mtu akipata 17 huhesabiwa amefaulu, nimeshaufanya. Cheti cha lugha cha kiwango cha B1 ninacho, kodi ninalipa, na sijawahi kufikishwa mahakamani. Kinachonikosesha raha ni jambo ambalo halimo katika fomu yoyote niliyojaza. Ninafuata msimamo wa kutomgusa mwanamke asiye maharimu wangu (yaani ndugu wa karibu nisiyeweza kumwoa); kwa hiyo wanawake huwasalimia kwa kuweka mkono kifuani na kuinamisha kichwa kidogo, pamoja na maneno ya heshima. Kazini walishanizoea, na mkuu wangu wa idara, ambaye ni mwanamke, hajawahi kunionyesha kwamba anahisi kudharauliwa.

Sasa ninasikia kwamba kuna daktari aliyetimiza kila sharti, akaitwa kupokea cheti chake, kisha cheti hicho kikazuiwa kwa sababu tu hakumpa mkono afisa wa kike. Ningependa kujua kama habari hiyo ni ya kweli na, kama ni ya kweli, alihukumiwa kwa msingi gani, kwa kuwa Katiba ya nchi hii inalinda uhuru wa dini na sijaona palipoandikwa kwamba raia lazima apeane mkono na mtu. Siombi kufundishwa namna ya kukwepa sheria. Ninachotaka kuelewa ni wapi inapokoma sheria ninayopaswa kuitii, na wapi inapoanza desturi ambayo mtu anaweza kuiacha bila kumkosea mwenzake. Walioko Ufaransa, Denmark, Kanada na kwingineko nao watueleze ya huko waliko.

Kalamu ya Sheria

Wa aleikum salaam, ndugu Msafiri. Habari ni ya kweli, ila imekufikia bila kichwa wala mkia, kwa hiyo nitaieleza kwa mpangilio wake.

Daktari huyo, mwenye asili ya Lebanon, aliingia Ujerumani mwaka 2002, akasomea udaktari huko huko, na akaomba uraia mwaka 2012. Alitia saini tamko la kuukubali mfumo wa kidemokrasia wa nchi na kuukana msimamo mkali, na katika mtihani wa uraia alipata alama za juu kabisa. Alipoitwa mwaka 2015 kukabidhiwa cheti, afisa wa kike alimnyooshea mkono, naye akaukataa akieleza kwamba alimwahidi mkewe kutompa mkono mwanamke mwingine. Afisa akakizuia cheti pale pale. Hapa pana jambo ambalo waombaji wengi hawalijui: kwa sheria ya uraia ya Ujerumani, mtu hawi raia siku ombi lake linapokubaliwa, bali pale anapokabidhiwa cheti, na kabla ya kukabidhiwa anatakiwa kutamka kwa kinywa chake kwamba ataiheshimu Katiba na sheria za nchi na kujiepusha na lolote linaloweza kuidhuru. Cheti kilipobaki upande wa pili wa meza, daktari alibaki mgeni. Hakunyang'anywa uraia, kwa sababu alikuwa bado hajaupata.

Alikwenda mahakamani akashindwa, akakata rufaa, na mwezi Agosti 2020 mahakama ya juu ya utawala ya jimbo la Baden-Württemberg, iliyoko Mannheim, ikakubaliana na serikali. Hoja ya mahakama haikuwa kwamba kushikana mkono ni wajibu wa kila raia. Ilisema kwamba mtu anayekataa mkono wa mwanamke kwa kuwa anamwona kila mwanamke kama kishawishi cha zinaa, anakataa kwa vitendo usawa wa mwanamume na mwanamke, na kwa hiyo hajajiweka ndani ya utaratibu wa maisha ya Kijerumani kama sheria ilivyotaka. Daktari alijitetea kwamba sasa hata wanaume hawapi mkono. Mahakama haikumwamini, iliona utetezi huo umetungwa kwa ajili ya kesi. Na kwa kuwa hukumu ilitolewa katikati ya janga la korona, wakati ambapo hata mawaziri walikuwa wakigusana viwiko, majaji walilazimika kueleza kwamba desturi ya kupeana mkono itaendelea kuwapo baada ya janga.

Kuhusu msingi wa kisheria, ni muhimu ujue kwamba hukumu hiyo ilisimama juu ya maneno ya jumla yaliyodai mwombaji awe amejiweka ndani ya utaratibu wa maisha ya nchi. Mageuzi ya sheria yaliyoanza kutumika tarehe 27 Juni 2024, yale yale yaliyopunguza muda wa ukaazi kutoka miaka 8 hadi 5 na kuruhusu uraia pacha, yaliyaondoa maneno hayo na kuweka vizuizi viwili vilivyotajwa waziwazi: kuwa na ndoa na zaidi ya mwenzi mmoja kwa wakati mmoja, na kuonyesha kwa mwenendo kwamba mtu anaudharau usawa wa mwanamume na mwanamke ulioandikwa katika Katiba. Kwa maoni yangu, maneno mapya yanakusaidia na yanakubana vilevile. Yanakusaidia kwa sababu afisa sasa hana budi kuonyesha dharau, na si ugeni wa desturi tu. Yanakubana kwa sababu neno "mwenendo" limetajwa waziwazi, na salamu ni mwenendo.

Binti wa Ughaibuni

Mimi niko Ufaransa, na nasikitika kusema kwamba huku jambo hili liliamuliwa mapema zaidi, tena kwa mwanamke. Alikuwa raia wa Algeria aliyeolewa na Mfaransa mwaka 2010, na kwa njia ya ndoa akaomba uraia. Mwezi Juni 2016, katika hafla ya mapokezi mkoani Isère, alikataa kumpa mkono katibu mkuu wa ofisi ya mkoa na diwani mmoja, wote wanaume, akitaja imani yake. Serikali ikatoa amri ya kumpinga mwaka 2017, na tarehe 11 Aprili 2018 Conseil d'État, ambayo ndiyo mahakama ya juu kabisa ya masuala ya utawala, ikaiunga mkono. Kanuni ya kiraia ya Ufaransa inairuhusu serikali kumpinga mwenzi wa raia kwa sababu ya "kutojumuika", na majaji walisema kwamba kukataa mkono mahali pale na wakati ule, penye uzito wa kiishara, kulionyesha kutojumuika. Miaka 10 kabla yake, mwezi Juni 2008, mahakama hiyo hiyo ilimnyima uraia mwanamke wa Morocco aliyekuwa akivaa nikabu na kuishi maisha ambayo majaji waliona hayapatani na usawa wa jinsia.

Ninachotaka wasomaji wakione ni hiki. Kesi hizi zote husemwa kwamba zinamlinda mwanamke dhidi ya kudharauliwa na mwanamume. Lakini Isère aliyekataa kuguswa ni mwanamke, na aliyepoteza ni yeye. Ukimwambia mwanamke kwamba usawa wake utakamilika pale atakapomwachia mwanamume asiyemtaka auguse mkono wake, unapaswa kueleza vizuri sana, na katika hukumu ile sikuona maelezo ya kunitosheleza.

Denmark walikwenda mbali zaidi, wakaandika sheria kabisa. Bunge lilipitisha mwezi Desemba 2018 kwamba kuanzia 2019 kila anayepewa uraia ahudhurie hafla ya manispaa na kumpa mkono mwakilishi wa mamlaka, kiganja kwa kiganja, bila glavu. Baadhi ya mameya wao wenyewe waliipinga, wakasema si kazi yao kupima imani ya mtu kwa kiganja chake. Kisha ikaja korona mwaka 2020, hafla zikasimamishwa kwa sababu mkono haukuweza kutolewa, na watu waliokwisha kupitishwa na Bunge wakabaki bila uraia wakisubiri ugonjwa upungue. Nadhani hapo kila mtu angeweza kuona kwamba jambo hili halikuwahi kuwa la msingi kiasi hicho.

Mwanafunzi wa Fiqhi

Ndugu Msafiri, wengine wanazungumzia sheria za nchi; mimi nitagusa upande wa dini kwa ufupi, kwa sababu hata mahakama hupima kama msimamo wa mtu ni imani ya kweli au ni ukaidi tu.

Madhehebu manne kwa ujumla yanazuia mwanamume kumgusa mwanamke ajinabi, yaani asiye maharimu wake. Wapo wanazuoni wanaotofautisha ajuza na kijana, na katika zama zetu Sheikh Yusuf al-Qaradawi, aliyefariki mwaka 2022, alilegeza kwa masharti, hasa pale ambapo pande zote mbili zimesalimika na matamanio na upande wa pili ndio ulioanza kunyoosha mkono. Kwa hiyo anayeshika msimamo mkali ana tegemeo, na anayechukua ruhusa naye ana tegemeo. Asije mmoja akamkufurisha mwenziwe kwa ajili ya karatasi ya uraia. Jambo hili pia si la Waislamu peke yao. Mayahudi wa Orthodoksi wanaoshika sheria ya kutogusana hawampi mkono mtu wa jinsia nyingine asiye wa familia, na wanaishi Ulaya tangu karne nyingi.

Lakini jambo lililonishangaza siku zote ni kwamba hadithi mashuhuri inayotajwa katika mlango huu, ile ya Bibi Aisha katika Sahihi Bukhari, haizungumzii salamu za njiani. Inazungumzia baia, yaani kiapo cha utii. Wanawake walikuja kumpa Mtume (s.a.w.) ahadi yao ya kuingia katika jamii mpya na kufuata masharti yake, naye akaipokea kwa maneno bila mkono wake kugusa mkono wa mwanamke. Ahadi ilihesabiwa kuwa kamili, na wala wanawake wale hawakuhesabiwa kuwa pungufu kuliko wanaume waliotoa mkono. Ukipata nafasi ya kujieleza mbele ya afisa, nadhani maelezo ya namna hii yatafaa zaidi kuliko kusema "dini inakataza" ukanyamaza, kwa sababu yanajibu moja kwa moja ile dhana ya kwamba unamwona mwanamke aliyeko mbele yako kama kishawishi.

Asiye na Upande

Naomba niseme lisilopendeza. Anayeomba uraia haombi kibali cha kazi. Anaomba kuhesabiwa kuwa mwenyeji, na wenyeji wa kila nchi wana haki ya kuuliza anayeingia ni nani. Hata Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 inamtaka mwombaji wa uraia wa tajnisi, yaani mgeni anayeomba kuwa raia, ajue Kiswahili au Kiingereza kwa kiasi cha kutosha na awe na tabia njema, na hatujasikia mtu akisema hilo ni uonevu. Wahenga walishasema ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho.

Nimeishi Uswisi muda mrefu. Huku ombi la uraia hupita ngazi tatu, yaani manispaa, kantoni na shirikisho, na tangu 2018 sheria ya shirikisho inataka miaka 10 ya ukaazi, kibali cha kudumu cha aina C, na ushahidi kwamba mtu amejumuika katika jamii. Mwezi Agosti 2018 manispaa ya Lausanne iliwanyima mume na mke Waislamu waliokataa kuwapa mkono watu wa jinsia nyingine, na si hivyo tu, hata kujibu maswali yaliyoulizwa na mtu wa jinsia nyingine walipata shida. Hilo la pili ndilo linalonielemea mimi. Mkono mtu anaweza kuueleza, lakini raia asiyeweza kuzungumza na mwalimu wa mwanawe, hakimu au muuguzi kwa sababu ya jinsia yake, ataishi vipi katika jamii hiyo? Tarehe 10 Januari 2017 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya nayo iliamua kesi ya wazazi wa Basel waliokataa binti zao wadogo wasiende masomo ya kuogelea pamoja na wavulana, wakatozwa faini ya faranga 1,400. Shule iliwaruhusu mabinti kuvaa burkini, yaani vazi la kuogelea linalofunika mwili, na kubadilisha nguo bila wavulana kuwapo. Wazazi wakakataa bado, na mahakama ikasema kwamba maslahi ya mtoto kujifunza na kukua pamoja na wenzake yana uzito kuliko matakwa yao. Mimi nakubaliana nayo.

Hata hivyo, sitaki kuficha upande mwingine wa Uswisi hiyo hiyo. Katika kantoni ya Aargau, mwanamke mzaliwa wa Uholanzi aliyeishi huko tangu utotoni, anayezungumza Kijerumani cha wenyeji na mwenye watoto raia, alikataliwa uraia na wakazi wa manispaa yake kwa sababu alikuwa akipiga kampeni dhidi ya kengele wanazovalishwa ng'ombe shingoni. Hakuwa Mwislamu, wala hakukataa mkono wa mtu. Walimwona msumbufu tu, basi. Kantoni ilimpa uraia mwaka 2017 licha ya majirani zake. Ukiruhusu neno "utamaduni" libaki bila mipaka, hakuna anayejua litamfikia nani, na ndiyo maana mahakama ya shirikisho iliamua mwaka 2003 kwamba maombi ya uraia yasipigiwe kura ya siri na wananchi, kwa kuwa aliyekataliwa ana haki ya kuelezwa sababu.

Mkaazi wa Ontario

Kanada ilijaribu njia ya Ufaransa ikarudi nyuma. Mwaka 2011 waziri alitoa mwongozo wa kuwataka wanawake wote wavue nikabu wakati wa kula kiapo cha uraia, hata kama walikwisha kuonyesha uso faraghani mbele ya afisa wa kike ili watambuliwe. Mwanamke mmoja mwenye asili ya Pakistani alishtaki, na mahakama za shirikisho zikampa ushindi mara mbili katika mwaka 2015. Sababu ilikuwa nyepesi kuliko watu walivyotarajia: kanuni za uraia zenyewe zinamtaka jaji wa uraia awape waapaji uhuru mkubwa kadiri iwezekanavyo katika namna ya kidini ya kuapa, na mwongozo wa waziri haukuweza kwenda kinyume na kanuni. Aliapa akiwa na nikabu yake mwezi Oktoba, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu.

Marekani nao wanajulikana kwa ukali wa uhamiaji, lakini katika kiapo wana uvumilivu wa zamani. Mwaka 1946 Mahakama Kuu yao iliamua kwamba Msabato kutoka Kanada aliyekataa kubeba silaha kwa ajili ya imani yake, ila alikuwa tayari kulitumikia jeshi bila silaha, anastahili uraia. Hadi leo mwombaji anaweza kuondolewa maneno ya kubeba silaha na maneno "Mungu nisaidie" katika kiapo. Kama mtu anaweza kuwa raia bila kuahidi kuipigania nchi kwa bunduki, sioni kwa nini asiweze kuwa raia bila kushika kiganja.

Kwa ndugu yangu Asiye na Upande: methali ya chongo ni nzuri kwa mgeni wa siku tatu. Anayehamia moja kwa moja atahitaji macho yake yote mawili.

Msafiri wa Kaskazini

Nawashukuru nyote, pamoja na aliyesema yasiyopendeza, kwa sababu maneno yake kuhusu Lausanne yamenifanya nione tofauti ambayo sikuwa nimeiona. Kuzungumza na mwanamke, kufanya kazi chini yake na kupokea amri yake sijawahi kukataa. Swali langu lililobaki ni kwa Kalamu ya Sheria: je, niwaambie mapema, au kuwaambia mapema ndiko kujichongea? Na je, nikiacha kabisa kuwapa mkono hata wanaume, itakuwa salama zaidi?

Kalamu ya Sheria

Nianze na la mwisho. Kubadilisha mwenendo wako sasa hivi, wakati faili liko mezani, ndiko kosa alilolifanya yule daktari. Kama umekuwa ukiwapa mkono wanaume miaka yote, endelea. Ukiulizwa, sema hivyo hivyo. Kinachomwangusha mtu mbele ya jaji si msimamo peke yake, bali msimamo unaobadilika kulingana na mahitaji ya kesi.

Kuhusu kuwaambia mapema, ningekushauri uwaambie, ila kwa maandishi na kwa utulivu. Sheria ya sasa inataka cheti, kwa kawaida, kitolewe katika hafla ya hadhara, na hapo ndipo mambo huharibika: mbele ya wageni na kamera, kiongozi ananyoosha mkono unabaki hewani, naye anaona amedhalilishwa. Barua fupi ya wiki kadhaa kabla, inayoeleza jinsi unavyosalimia, kwamba unakubali usawa wa mwanamume na mwanamke mbele ya sheria, na kwamba utakula kiapo mbele ya afisa yeyote, mwanamume au mwanamke, inamwondolea mshangao huo. Usidai afisa wa kiume. Ukidai hivyo, umewapa mwenendo wanaoutafuta. Ambatanisha barua ya mkuu wako wa idara, na iwe na mambo mahususi: muda aliokuongoza, kazi mlizofanya pamoja, jinsi unavyopokea maelekezo yake. Ushahidi wa mwanamke aliyefanya kazi nawe una uzito kuliko aya zozote nitakazokuandikia mimi. Mwenzetu wa fiqhi amekupa maelezo mazuri kuhusu baia. Yatumie kama ndivyo unavyoamini, na kama sivyo, yaache.

Sikuahidi kwamba itatosha. Kuna kesi ya Sweden ya Agosti 2018 ambayo inatia moyo: mahakama ya kazi iliamuru mwanamke Mwislamu alipwe fidia ya kroni 40,000 na kampuni iliyokatisha usaili wake wa kazi baada ya yeye kuweka mkono kifuani badala ya kuutoa. Lakini majaji waligawanyika, na ile ilikuwa kesi ya ajira, ambamo mwajiri ndiye anayebanwa. Katika uraia anayebanwa ni mwombaji.

Cheti kikizuiwa, usibishane pale pale na usiondoke bila kueleweka. Omba uamuzi wa maandishi wenye sababu. Mwishoni mwake patakuwa na maelezo ya mahali pa kupinga na muda uliowekwa, ambao kwa kawaida ni mwezi mmoja tangu siku ulipoupokea. Itunze na bahasha pia, kwa sababu tarehe ya kupokea ndiyo wakili atakayoiulizia kwanza.